Shufaa na Gari Lisilo na Kifuniko

Zamani ukifika gereji ya Papa André pale Jeppestown, Johannesburg, ukauliza fundi wa kike yuko wapi, ulikuwa unaoneshwa miguu. Miguu tu! Raba nyeusi na soksi za kuwakawaka, zimechomoza chini ya gari la mtu. Mwili wote uliobaki uko uvunguni, na sauti inatoka humo humo, haikauki. Huyo ndiye Shufaa. Watu wa Tanga na Dar wanamwita Da Shufaa. Wakongo wanamwita Mama Shufaa, na mtoto hana. Yeye anaitika yote, ila usimwite msaidizi tu, utajuta.

Ufundi aliuanzia Tanga, kwa mjomba wake mtengeneza malori. Mjomba alikuwa na kitambi, uvunguni haingii hata umsukume. Shufaa alikuwa mwembamba kama spoku ya baiskeli. Basi mjomba anakaa kwenye stuli anaelekeza, Shufaa yuko chini anafungua. Ikaenda hivyo mpaka ikafika siku Shufaa ndiye anaelekeza na mjomba anauliza, "Eti mwanangu, hii tunaifanyaje?"

Alipokuja Johannesburg alifikia kwa kaka yake Othmani, mwenye duka la vitambaa Fordsburg. Akajaribu kuuza vitambaa. Wapi! Mteja anachagua shifoni, yeye anasikiliza gari linalopita nje na kusema, "Hiyo bearingi imekwisha."

"Shufaa, mteja kakuuliza bei," Othmani anamwambia.

"Kaka, vitambaa havingurumi. Mimi hapa nasinzia."

Ndio akaishia kwa Papa André, mzee wa Lubumbashi mwenye suti moja na ovaroli nyingi. Wakampa matairi na vikazi vya kulala uvunguni. Toa, weka, toa, weka. Kazi za maana zilikuwa shimoni. Gereji ile haina mashine ya kunyanyulia magari, ina shimo moja la zege: gari linasimama juu yake, fundi anashuka chini na kufanya kazi amesimama, kama mtu na heshima zake. Aliyekabidhiwa shimo ndiye fundi mkuu wa mambo yote ya chini ya gari. Na mwenye shimo alikuwa Gaël, kijana wa Goma, kifua kama friji, roho nzuri, haraka nyingi. Shufaa alilitaka lile shimo kuliko kitu chochote. Hakuficha. Kila asubuhi anamwambia Gaël, "Hilo shimo uliazima tu. Mwenyewe nipo."

Mwaka 2017 likaja gari la Mama Victoire. Huyu ni msusi wa Bukavu, saluni yake iko mtaa wa pili. Gari lenyewe jekundu, milango miwili, paa la turubai linalojikunja lenyewe ukibonyeza kitufe. Jumamosi binti yake Shekinah anaolewa, na alitakiwa apite mjini paa liko wazi, shela inapepea. Ila giaboksi inavujisha oili, na ukipita kwenye shimo la barabarani gari zima linagonga ko-ko-ko.

Papa André akamtazama Gaël, ambaye alikuwa anakata boliti kwa tindo. Akamtazama Shufaa.

"Shufaa, weye kila siku unasema unaweza. Fanya hii. Ikitoka muzuri, shimo ni yako. Ikiharibika, matairi mpaka nizeeke."

"Umeshazeeka, Papa."

"Njo vile! Basi mpaka nikufe."

Sasa kabla ya kuifikia giaboksi ya gari lile unakutana na breisi. Ni chuma kipana chenye umbo la X, kimefungwa chini ya tumbo la gari kwa boliti nene. Gaël alikuwa anakiona kama takataka. "Kinazuia tu njia. Wakati mwingine mimi sikirudishi."

"Ndio maana magari yako yanalia," Shufaa akamjibu. "Sikiliza. Gari la kawaida ni boksi la viatu lenye kifuniko. Hili halina kifuniko. Shika boksi lisilo na kifuniko, lipinde. Si linapinda? Hii X ndiyo inayolishika. Ikiwa imetoka, gari likae kwa miguu yake minne, sakafu sawa, milango imefungwa, paa limefungwa. Mtu asipande."

"Eish, umekuwa profesa."

"Nimekuwa fundi. Toka shimoni."

Ijumaa asubuhi gari likakaa juu ya shimo. Akafungua breisi, akaona chanzo cha ko-ko-ko: fundi aliyepita aliirudisha kwa boliti chache tu, tena za kuokoteza, zimelegea zote. Akabadilisha sili ya giaboksi, ule mpira wa kuzuia oili, kavu kabisa. Kilichobaki ni boliti mpya za breisi, na duka lenye nazo liko Fordsburg. Akanawa mikono, akavaa ushungi safi, akamnyooshea Gaël kidole. "Asiguse mtu."

"Sharp, Mama Shufaa. Sawa kabisa."

Na Gaël hakudanganya. Hakugusa spana hata moja. Tatizo lilikuwa picha.

Pale gereji, gari zuri likiingia lazima lipigwe picha na wewe ukiwa ndani. Kila mtu ana ndugu Goma, Tanga au Bujumbura anayesubiri kuona maisha ya Sauzi, na hakuna aliyewahi kutuma picha ya tairi. Hata Shufaa aliwahi kutuma moja, kakalia pikipiki ya polisi. Kwa hiyo kwa Gaël, kukaa kwenye gari na kutabasamu hakukuwa kugusa. Tena ndani mle palikuwa na giza, picha haitoki vizuri. Akaita binamu zake watatu, wakalisukuma mpaka mlangoni kwenye jua. Gurudumu moja la nyuma likapanda ukingo wa zege. Wakaingia wote wanne, wawili tayari kukalia migongo ya viti kama marais, paa likifunguka tu. Gaël akabonyeza kitufe cha paa.

Paa likapanda nusu, likasema krrr, likagoma hapo hapo angani.

Shufaa anashuka kwenye teksi na boliti zake mkononi, anakuta paa limesimama kama mwavuli ulioshindwa na upepo. Binamu wameruka nje. Gaël yuko ndani anasukuma mlango kwa bega, na mlango haufunguki.

"Gaël."

"Naam."

"Unafanya nini humo?"

"Mama Shufaa, mlango umekasirika."

Na hapo hapo, jamani, nani wanaingia? Papa André na Mama Victoire, ambaye ana mkasi wa saluni bado mfukoni.

"Yesu wangu!" Mama Victoire akashika kichwa. "Gari yangu mmeivunja! Kesho bibi-arusi atapanda nini? Punda?"

 Papa André alitazama tu upande ule yanakopangwa matairi. Shufaa akaona. Lakini macho yake yalikuwa kwenye gari. Pengo la mlango lilikuwa jembamba juu, pana chini. Gurudumu moja liko juu ya ukingo: boksi lisilo na kifuniko limepinda. Akaanza kucheka.

"Mama Victoire, halijavunjika. Limekunja uso tu. Gaël, usisukume mlango! Pita juu."

Kifua kile kikapita chini ya nusu paa kwa shida, binamu wakavuta, kikatoka na kuanguka kama gunia. Shufaa akawapanga wote wanne nyuma ya gari. "Mlilileta, mtalirudisha. Polepole. Anayekimbia namfungia shimoni."

Gurudumu likashuka ukingoni, gari likarudi juu ya shimo, sakafu sawa. Shufaa akashika kitasa cha mlango kwa vidole viwili. Klak. Ukafunguka, akaufunga tena. Akabonyeza kitufe, paa likateremka, likajifunga bila kunung'unika. Mama Victoire akapumua, ila mikono bado kichwani.

Shufaa akashuka shimoni, akainua breisi na Gaël upande wa pili. Boliti zote mpya akazianza kwa vidole. Ya mwisho ikakataa, tundu limepishana kidogo tu.

"Nilete drili?" Gaël akauliza. "Tupanue tundu."

"Thubutu! Hapo ndipo ko-ko-ko inapozaliwa."

Akalegeza zote tena, ziwe zinacheza. Akapaza sauti, "Binamu! Mmoja kila kona, likandamizeni gari na kuachia, kama mnafua blanketi." Gari likanesa juu chini, juu chini, likatulia kwenye springi zake. Shufaa akajaribu ile boliti iliyokataa. Ikaingia kwa vidole, inateleza yenyewe.

"Umeona?" akamwambia Gaël. "Gari linataka kukaa sawa. Wewe ndiye unalinyima nafasi."

Ndipo akachukua spana ya kupimia nguvu, ile inayolia tik ikitosha, akaanza katikati kwenda nje, msalaba kwa msalaba, kila boliti mpaka tik. Hakuruka hata moja. Akajifuta mikono, akamweka Mama Victoire kiti cha mbele na kutoka naye mtaani. Akalitafuta shimo baya kuliko yote ya Jeppestown, lile la karibu na hosteli, akalipiga makusudi.

Kimya. Hakuna ko wala k.

Mama Victoire akakaa anasikiliza mpaka robot ya mbele, yaani taa ya barabarani, ikawa nyekundu. "Piga tena," akasema. Wakazunguka, wakapiga tena. Kimya. Akabonyeza kitufe mwenyewe wakiwa wamesimama pale. Paa likafunguka mpaka mwisho, na akaanza kuimba wimbo wa arusi hapo hapo mbele ya mateksi, honi zikimwitikia.

Waliporudi, Papa André alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo na ovaroli yake. Hakuhutubia. "Gaël," akasema, "toa vyombo yako mule."

Gaël akakuna shingo. Akaanza kupandisha nyundo zake, tindo, redio. Alipofika ngazi ya mwisho akampa Shufaa mkono kumshusha. "Lakini tundu la drili lingetosha," akanong'ona.

"Nenda kwenye matairi, baba."

Mchana ule ule likaingia gari la mikate, dereva anatafuta fundi wa chini. Gaël akanyoosha spana kuelekea sakafuni.

"Yuko humo," akasema. "Piga hodi kwanza."