Bobini Zilizolala Majini

Shangazi aliliosha gari jioni kwa mapenzi, na asubuhi yake mapenzi hayo nusura yatuondolee mtu.

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Kabambare, mwanamke anayekwenda kujifungua haondoki na tope la jana. Ua unafagiliwa, ndoo zinasuguliwa, nguo za mtoto zinafuliwa hata kama ni mpya. Safari hii kulikuwa na gari pia, mali ya shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye alikuwa Salamabila akiwauzia wachimba dhahabu sabuni na chumvi, na simu yake haikupatikana. Lilikuwa jekundu kwa tope hadi ndani. Shangazi akafungua kapo, kile kifuniko cha injini, akamwagia injini ndoo baada ya ndoo, akaifuta ikang'aa kama sufuria ya sikukuu. Niliporudi kutoka kutafuta petroli nilimkuta amesimama kando yake, mikono kiunoni, akingoja sifa. Nikamsifu.

Yaya wangu, dada yangu mkubwa, alipasuliwa kwa mtoto wake wa kwanza. Daktari wa Kasongo aliyempasua alimwonya kwamba uchungu wa pili usimkute mbali, kwa maana kovu linaweza kufunguka. Siku zake zilikuwa bado, tulitaka kuwahi. Lakini alfajiri nilimsikia akinyamaza. Yaya huongea hata usingizini, kwa hiyo kimya chake kiliniamsha kuliko kelele: uchungu ulikuwa umeanza.

Nikawasha gari. Lilikohoa, likatetemeka mpaka vioo vikalia, na nilipokanyaga mafuta likazidi kudhoofu. Njia ya Kasongo ina vilima, ina mashimo ya kumeza pikipiki. Gari la namna hiyo lisingepanda hata kilima cha kwanza. Shangazi akasema basi tuite mtu wa pikipiki. Yaya, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka barazani, aliweka mkono chini ya tumbo akatutazama tu. Neno pikipiki halikurudiwa.

Shemeji alikuwa amenifundisha jambo moja, kwa kuwa alichoka, alisema, kuwa na shemeji anayeandika vitabu vizima bila kujua kilicho chini ya kapo. Injini ile ina bobini nne, zimejipanga juu yake kama vidole, kila moja ikiipelekea moto bujie yake, ile plagi inayowasha petroli. Injini ikiwa inanguruma unachomoa waya wa bobini moja. Sauti ikibadilika, hiyo ni nzima, irudishie. Isipobadilika, umegusa maiti.

Nilichomoa waya wa kwanza. Sauti ikaanguka, gari karibu lizime. Nikaurudisha haraka. Nikachomoa wa pili, nikangoja. Hakuna. Mtetemeko ulikuwa uleule. Wa tatu, hakuna. Wa nne, sauti ikaanguka tena. Nyuma yangu yaya alikuwa akivuta pumzi kwa meno, na masikio yangu yakachanganyikiwa: nikiisikiliza injini nilimsikia yeye, na nikimsikiliza yeye niliogopa sauti yake isibadilike, niliogopa ibadilike.

Nikazima. Nikafungua bolti, nikaivuta bobini ya pili. Ilitoka kwa mlio wa kunyonya, mguu wake wa mpira ukichuruzika. Chini, ndani ya shimo la bujie, maji yalikuwa yametulia, meusi, na usoni mwake niliona kipande cha anga. Shimo la tatu lilikuwa vivyo hivyo.

Shangazi alichungulia begani kwangu akauliza maji hayo yametoka wapi. Nikaitazama ndoo yake ya jana, naye akaitazama. Aliingia ndani, akatoka na vitambaa alivyomshonea mtoto. Akavisokota vyembamba, akawa anavizamisha mashimoni na kuvitoa vyeusi, akiomba Mungu kwa Kibangubangu, chini chini, bila kupumzika.

Ndani ya kopo la maziwa shemeji alihifadhi bobini mbili alizozitoa kwenye gari jingine lililokufa. Mbili zimekufa, mbili zimo koponi: hapakuwa na nafasi ya kukosea. Nikakosea. Ya kwanza iliingia vizuri. Nilipokuwa nikiirudishia ya pili waya wake, niliusukuma kwa nguvu mno, na kile kibanio cha plastiki kinachoushika waya kikakatika. Bila kibanio, waya utachomoka kwenye shimo la kwanza la barabara. Nilikishika kile kipande mkononi, nikashindwa kugeuka.

“Imekufa?” yaya aliuliza kutoka mkekani.

“Hapana, yaya. Imevunjika kidogo.”

“Kama iko kidogo, funga. Hata miye niko nimefungwa na uzi.”

Shangazi alichana ukanda wa kitambaa kwa meno. Nikaufunga waya na bobini yake, fundo juu ya fundo, nikawasha. Injini ikanguruma kwa sauti moja, laini. Sikufurahi. Niliogopa hata kufunga kapo kwa nguvu.

Njiani sikuona msitu wala watu. Nilisikia tu. Kila shimo nililiomba radhi. Kwenye daraja la magogo gari zima lilitetemeka, nikadhani waya umechomoka, kumbe ni magogo yenyewe. Yaya, kichwa kikiwa mapajani pa shangazi, alisema kwamba akizalia humo mutoto ataitwa Bobini. Shangazi hakucheka. Baadaye yaya naye akaacha mzaha, na hapo ndipo nilipoendesha kwa hofu kubwa kuliko niliyowahi kuwa nayo.

Tulipofika Kasongo walimwingiza moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji. Sikuweza kukaa. Nikatoka, nikafungua kapo. Fundo lilikuwa limelegea. Waya ulining'inia kwa ncha tu. Nikaukodolea macho mpaka muuguzi aliponiita.

Mtoto wa kike alikuwa amefungwa katika kitambaa pekee kilichobaki, na kwenye ukingo wake kulikuwa na doa jeusi la injini. Shangazi aliliona, akanyoosha mkono akikitaka akakifue. Yaya alifumbua macho nusu.

“Shangazi, leo usioshe tena kitu.”