Siku Biji Alipopanda Boti

Kuna Jumapili moja ya Naivasha, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni, mpaka watu wa nyumba hii wanadhani uzee umenipanda kichwani. Keti nikusimulie, maana nimesikia umeacha kwenda kuogelea na wenzako kwa sababu ya mwili. Mwili gani? Huo uliorithi kwangu?

Uhuru ulikuwa bado mpya, na mimi msichana, yaya katika nyumba ya Kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba, pale Nakuru mjini. Tulimwita Bwana Jaswant. Alikuwa na karakana ya mbao, na mikono yake haikujua kutulia. Alijiundia boti mwenyewe, akaitia injini ya lori kuukuu, na kila Jumapili asubuhi tuliifunga nyuma ya pikapu tukashuka mpaka ziwani Naivasha kabla upepo wa mchana haujaamka. Tulienda sote: yeye, mkewe, watoto, mimi, na mama yake mzazi, ambaye wote walimwita Biji. Biji alikuwa mama mnene sana. Alikaa kwenye pikapu mlango ukiwa wazi, akimenya njegere, na boti ile hakuwahi kuikanyaga.

Kijana wao mkubwa, Kuldip, alikuwa na mchezo wake. Boti ikienda polepole, na uzito umewekwa nyuma upande mmoja, inaacha wimbi nene upande huo. Mtu anavutwa kwa kamba mpaka asimame juu ya ubao, halafu anaiachilia kamba, na wimbi lenyewe linambeba. Siku niliyomwona Kuldip ametupa kamba na bado anakwenda, mikono mitupu, nilisimama na uji wa mtoto mkononi mpaka ukapoa. Nilikitaka kitu kile, mwanangu, kama sijawahi kutaka kitu.

Lakini mimi nilikuwa mkubwa. Nyumbani Dundori haikuwa shida, nilibeba gunia la viazi mgongoni na mama akajisifu kwa majirani. Mjini ndiko nilikojifunza aibu. Nikipita sokoni vijana wanaulizana kama barabara itanihimili. Nilifika mahali nikawa nakula nimegeukia ukuta, hata kama hakuna mtu.

Nilimwambia mke wa Jaswant, naye akamwambia mumewe. Jaswant hakucheka. Alinitazama vile anavyotazama mlango wa kutengeneza, na wiki iliyofuata akaja na ubao mrefu, mpana, mnene kuliko wa Kuldip. Akanipa ovaroli yake ya zamani na jaketi la kuelea. Kwanza alinifundisha kuogelea karibu na ufuo, mbali na matete wanakolala viboko. Kisha tukaanza mambo ya ubao, na hapo ndipo nilipokunywa ziwa. Kila Jumapili naanguka. Jaswant anapiga kelele kutoka kwenye usukani, ngoja boti ikuinue, ngoja. Mimi sikungoja. Nilikuwa na nguvu, na mtu mwenye nguvu akipewa kamba anaivuta.

Basi siku moja mezani wakatuambia wanahama, wanakwenda Uingereza. Miaka ile Wahindi wengi walikuwa wanafunga maduka. Karakana imepata mtu, na boti pia imepata mtu, atakuja kuichukua Jumatatu. Nilielewa kwamba nimebakiwa na Jumapili moja tu maishani mwangu. Nani mwingine angenipa mimi boti?

Jumapili hiyo tulijaza magunia mchanga, tukayapanga upande mmoja, na watoto wote wakakaa juu yake. Nikavuta, nikaanguka. Nikavuta tena, nikaanguka vibaya, viganja vinawaka. Vibarua fulani walikuwa wameketi ufuoni wakipumzika, wakaanza kushangilia kila nikizama. Kuldip akamwambia baba yake kwamba wimbi ni dogo kwangu, haliwezi kunibeba. Hakunitukana, alisema kweli, na ndiyo maana iliniuma.

Nikatoka majini. Nikajitupa kando ya pikapu nikalia, nikamwambia Biji kwamba mwili huu ndio ulioninyima, na nauchukia.

Biji aliweka bakuli la njegere chini. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, lakini hakuna alichotaka kusema kikamshinda.

“Wanjiru, sikia mimi. Jumapili mingi naangalia wewe. Wewe napigana na kamba. Ile boti iko na injini ya lori. Nataka kuvuta lori na mikono?”

Akageuka kuangalia boti majini.

“Na wimbi iko dogo, sababu mimi nakaa hapa.”

Akashuka kwenye pikapu. Jaswant alipomwona mama yake anakwenda majini na viatu vyake, alizima injini. Walibishana kwa Kipunjabi, na naweza kukuambia nani alishinda. Ikabidi wale vibarua waliokuwa wanacheka waje wamshike mikono na mabega wamwingize, na boti ikainama mpaka watoto wakashikana. Alikaa juu ya magunia, nyuma kabisa, akinitazama. Midomo yake ilikuwa inasali. Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote hiyo mama yule alikuwa anaogopa maji kunishinda mimi.

Nikalala majini chali, visigino juu ya ubao, magoti nimekunja, mikono nimenyoosha. Boti ikaondoka. Mwili wangu wote ulitaka kuvuta na nikaukatalia. Niliacha nivutwe kama mzigo. Maji yakasukuma nyayo, ubao ukainuka wenyewe taratibu, nami nikainuka nao, na nilipoangalia chini nilikuwa nimesimama. Wimbi lilikuwa pale ubavuni mwa boti, refu na nene, halijawahi kuwa hivyo. Biji akanifanyia ishara kwa mkono: achilia.

Nikaachilia.

Mwanangu, sikuwa nimeshika kitu. Boti inakwenda, na mimi nakwenda nyuma yake, na ule uzito wangu wote haunizuii. Niliona Biji anacheka nyuma ya mtandio wake. Halafu nikaanguka, bila shaka, nikameza maji mengi, nikaibuka nikiwa nalia tena, lakini si kile kilio cha kwanza.

Ufuoni nilimvua viatu nikamkausha miguu, nikamwambia asante kwa kila lugha niliyoijua. Akasema, “Kilo hii nabeba miaka mingi bure. Leo imefanya kazi.” Wakahama baada ya muda mfupi, na miaka kadhaa baadaye nikasikia kwa muuza vitambaa mmoja mjini kwamba Biji alifia huko huko kwenye baridi. Namshukuru mpaka leo. Sijakula nimegeukia ukuta tangu siku ile.

Kwa hiyo sikiliza. Jumamosi rudi kwa wenzako. Ukihitaji ubao mrefu kuliko wa mwingine, uombe mbele ya watu, si kwa kunong’ona. Mtu akikuvuta kwa nia njema, legeza mikono umwachie kazi yake. Jambo likikataa, usikimbilie kuulaumu mwili wako. Tazama kwanza kama boti ina watu wa kutosha, halafu waite. Na siku ukijikuta wewe ndiwe uliyekaa pembeni kwa woga na njegere zako, ujue kuna msichana majini ambaye wimbi lake ni dogo kwa sababu hujapanda. Inuka, panda.

Mungu aubariki mwili huo, mwanangu, na mimi nikiwa ndani yake.