Mchawi wa Ndani ya Sanduku

Krr, krr, krr. Ukisikia sauti hiyo ndani ya mbao na nyumba imetulia, usikimbie. Sogea karibu. Mimi juzi niliisikia kwenye kigoda yangu ya zamani, nikapiga vigelegele peke yangu. Mjukuu wangu, yule anasoma chuo pale Kyambogo, akaja mbio na simu, akampiga picha mdudu aliyekuwa anachungulia kwenye tundu.

"Jajja, simu inasema anaitwa bungua."

"Simu yako haijui kitu. Huyo anaitwa Mchawi."

Ngoja niwaambie.

Nikiwa mtoto tulikuwa tunakaa Mbuya, nyumba ya wanajeshi, chumba moja: mama, mimi, mtoto mchanga, na Shangazi Aber, dada ya baba. Baba alikuwa mbali kazini. Shangazi alikuja kutoka Gulu na sanduku yake ya mbao, na mikono ya kusuka nywele bila kuumiza. Mikono ile, Mungu wangu! Unalala mapajani kwake, unaamka umependeza.

Basi, kila asubuhi mama akifagia anakuta unga nyeupe chini ya kitanda, laini kama poda ya mtoto, pale pale kando ya sanduku ya shangazi. Anafagia, kesho iko tena. Na mtoto anakohoa, bambi, maskini. Kuigusa ile sanduku, mama aliogopa. Akamwita jirani yetu Mama Furaha, Mkongo, muuza vitenge. Mama Furaha akachungulia, akashika kiuno.

"Mama Akello, hii ni dawa ya mchawi. Kikulacho kiko nguoni mwako, dada. Miye sitaji mutu."

Hataji mtu, lakini macho yote iko kwa shangazi! Jioni mama akamwambia shangazi, Jumapili apande basi arudi kwao. Shangazi akajibu tu, "Sawa, mke wetu," akaendelea kuosha sahani.

Nililia mpaka kamasi. Halafu nikafikiri. Kinachokula kiko nguoni, si ndivyo walisema? Basi kitafutwe! Mambo ya methali mimi nitajuaje? Wakubwa wakaenda bombani kuchota maji, nikakung'uta gauni zote za mama. Hakuna. Nikavuta sanduku ya shangazi, nikatoa nguo moja moja. Hakuna.

Ndipo nikasikia: krr, krr. Nikaweka sikio. Mbao inatafunwa! Tundu ndogo ikamwaga unga, kidogo, kidogo, ikanyamaza. Halafu kichwa. Jamani! Mdudu mdogo kama punje ya mchele, mweusi, kichwa ameificha chini ya mgongo kama askari ndani ya koti ya mvua. Ametoboa mbao ngumu kwa mdomo tu, bila nyundo, bila msumari! Akapanda kiganja yangu, akafungua mgongo, kumbe ndani ana mabawa, nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Nilifikiri nimemfumania Mungu akiwa kazini.

"Mama! Nimemkamata mchawi!"

Wakaja wote mbio. Mama akapiga sanduku na kiganja, unga ikamwagika chini, pwaa.

Mama Furaha akainama. "Aa, huyu! Si ndiye alimaliza kiti ya baba yangu kule Bukavu!"

Shangazi akacheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka.

Jumapili basi ya Gulu iliondoka bila shangazi. Mama akachinja kuku. Sasa firigisi, kwetu ni ya baba, na kwa vile baba hayuko, mimi nilikuwa nimeshaimeza kwa macho. Mama akaichukua, akaiweka kwenye sahani ya shangazi, bila neno. Nilinuna! Mdudu nimkamate mimi, firigisi ale mwenye sanduku? Shangazi akaiangalia, akaiangalia, akaipasua katikati, nusu akamrudishia mama.

Nikakua, nikaolewa, nikapata mawifi wangu wa kugombana nao. Ndipo nikajua. Siku ile mama na shangazi walikuwa wanaongea, na mimi nilifikiri wanakula.