Mkamwana Aliyesahau Kutaja Mtoto Yupi

Kwanza lifahamike kwamba mkamwana hakumchafua marehemu baba mkwe wake kwa makusudi, kama majirani wanavyonong'ona. Alikuwa bado anajifunza kutengeneza tovuti ya shule ya familia, ile ambayo kila ukurasa huchota majina kutoka kwenye hifadhidata. Mama mkwe wake, mjane wa mwenye shule, alizoea kumtazama: mkamwana huvua bangili kabla ya kugusa kibodi, husoma kila amri kwa sauti ya chini, kisha huibembeleza kompyuta, "Haya mama, lete." Siku hiyo alitaka kumwandika marehemu kuwa baba wa binti wa mwisho wa mama mkwe, anayesoma hapohapo. Akasahau kutaja mwanafunzi yupi, akabonyeza.

Dada wa marehemu aliingia mbiombio, simu mkononi. "Wifi! Kaka yangu kazaa shule nzima? Hadi mapacha wa mwalimu mkuu?" Mjane akafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, kila mtoto alikuwa wa mumewe, maana amri isiyotaja mwanafunzi huwagusa wote. Akakaa sakafuni, yeye ambaye hukipangusa hata kiti chake mwenyewe kabla ya kukikalia. Mkamwana hakulia wala hakuusingizia mtandao. Alirudisha nakala ya hifadhidata iliyohifadhiwa asubuhi, kisha akaenda getini kumwambia kila mzazi, "Kosa ni langu."

"Kumbe nyumbani kwangu mimi ni mjomba tu!" baba mmoja akapaza sauti, watu wakaangua kicheko. Mjane, bado haamini macho yake, akaenda kusimama kando ya mkamwana wake. Ndivyo ilivyokuwa, na nyumba hii haina neno jingine la kumpa mtu.