Walikula Somo Langu la Mwisho

Bado nina hasira, na ninaandika sasa kabla watu hawajanizoesha kusema kwamba siku ile ilikuwa nzuri.

Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nikifundisha Kiingereza darasa moja la shule ya Japani, nikiwa hapa hapa Sindo, kando ya Ziwa Victoria. Sikupanda ndege yoyote. Kuna chumba cha kompyuta nyuma ya soko la omena, wale dagaa wa ziwani, na mkurugenzi wake alikubaliana na shule hiyo kwamba vijana wa huku wazungumze Kiingereza na wanafunzi wao kwa video. Saa mbili asubuhi yetu ni saa nane mchana kwao. Nilipochaguliwa mimi, wengi walicheka, kwa sababu mimi ndiye yule msichana ambaye hata kanisani akiulizwa jina anaangalia viatu. Lakini wale watoto nao walikuwa waoga, na mwoga anajua kumngoja mwoga mwenzake.

Kulikuwa na mmoja aliyekaa karibu na dirisha, msichana mwenye nywele zilizokatwa sawasawa juu ya macho. Muhula mzima hakufungua mdomo. Nikimuuliza kitu anainamisha kichwa, nami ninaenda kwa mwenzake bila kumwaibisha. Wiki moja kabla ya somo la mwisho, mwalimu wao aliniambia kwamba msichana huyo ameomba kusoma kitu siku ya kuagana, kwa sauti yake mwenyewe, na amekuwa akifanya mazoezi nyumbani. Wiki hiyo sikuwaza jambo lingine. Nilitaka tu kumsikia.

Kumbe mkurugenzi alikuwa na mipango yake. Somo la mwisho akaligeuza hafla. Akaalika mheshimiwa wa wadi, chifu, mchungaji, na wageni wengine kutoka Homa Bay na Migori, watu ambao sijawahi kuwaona na wao hawajawahi kuuliza tunafundisha nini. Nilipoona viti vya plastiki vinashushwa, nilimfuata, nikamwambia kwamba huko kengele ikilia somo limeisha. Wanafunzi wanaenda kufagia darasa. Hawaongezi.

"Hakuna mtu atafunga mlango mheshimiwa akiwa anaongea," akanijibu akicheka. "Wewe panga soda."

Siku yenyewe, skrini ilipowaka, watoto walikuwa wamesimama kwa mstari, karatasi mkononi, na yule wa dirishani alikuwa mbele kabisa. Mimi niliketishwa nyuma, karibu na kreti za soda, maana viti vya mbele vilikuwa vya wageni. Mchungaji akaomba. Akaombea Japani, akaombea ziwa, akaombea na barabara ya Magunga. Kisha chifu akaambiwa awasalimu watu kidogo. Yeyote aliyewahi kuketi kwenye hafla zetu anajua urefu wa hiyo kidogo. Alisema itifaki zote zimezingatiwa, halafu akaanza kuwataja wakubwa mmoja baada ya mwingine. Mheshimiwa alipopewa nafasi, akasema hakuja peke yake. Akawasimamisha watu wake, kila mtu apunge mkono kwa kamera. Watoto wakainama kwa kila aliyepunga. Wanainuka, wanainama tena.

Nilikuwa ninaona saa ya ukutani nyuma yao. Nikamwashiria mkurugenzi, akanikazia macho. Ikabidi nisimame, mimi huyu, nipite katikati ya wazee nimnong'oneze kwamba mtoto anangoja kusoma. Mheshimiwa akasikia.

"Huyu mwalimu mdogo ana haraka ya wapi?" akasema kwa maikrofoni. "Ama kuna kijana anamngoja huko nje?"

Watu wakaangua kicheko. Nilirudi kwenye kreti zangu.

Mwishowe mwalimu wao, kwa adabu nyingi, akamsogeza msichana mbele. Akainua karatasi. Niliona midomo yake inaanza kufunguka. Mheshimiwa akadhani anasalimiwa yeye. Akampungia mkono na kumwambia, kwa ile sauti ya mikutano, kwamba Kenya inampenda sana. Msichana akanyamaza. Kengele ikalia. Akakunja karatasi, akainama, wenzake wote wakainama, skrini ikawa nyeusi.

Huku kwetu walipiga makofi. Halafu nikapewa maikrofoni, eti mwalimu atoe neno la shukrani.

"Namshukuru nani?" nikasema. "Wameshaenda. Alitaka kusoma, na hamkumwachia hata dakika moja."

Hakuna aliyecheka. Niliweka maikrofoni mezani nikatoka, soda wajigawie wenyewe.

Jioni mkurugenzi alikuja nyumbani kumweleza mama jinsi nilivyomtia aibu mbele ya wageni. Mama huuza omena na huogopa kukosana na watu wakubwa. Mkurugenzi alipoondoka, mama akaniambia nikaombe msamaha, kwani muhula ujao ni huyo huyo atakayesema nani afundishe. "Nyathina," akasema, hivyo ndivyo huniita, yaani mtoto wangu, "kunyamaza kwako ndiko kulikuwa kunakusaidia."

Sijaenda. Nilimwandikia mwalimu wao kwamba kosa lilikuwa letu, kwamba nilimwona msichana akifungua mdomo, amwambie hivyo. Hajajibu, nasikia wamefunga shule. Kwa hiyo mahali fulani yupo mtoto aliyejikusanyia ujasiri muhula mzima, na labda anafikiri mimi ndiye ambaye sikutaka kumsikia. Hilo linaniuma kuliko kile kicheko.

Mkurugenzi naye ameanza kutuma watu waniulize kama nitarudi, kwa sababu amekosa mwingine wa kuamka mapema. Nimewaambia nitarudi. Lakini nikiwa darasani mlango utafungwa kwa ufunguo, na ufunguo nitakaa nao mimi.