Rili Mbili za Isaiah Were

Mwaka wa 1971 Isaiah Were alikuwa akiendesha mashine za sinema katikati ya Nairobi, na chumba chake kilifungwa kwa nje. Mwenzake mmoja aliwahi kutoka kuvuta sigara, rili ya filamu ikaungua, basi meneja Kivuva akaapa kwamba ufunguo utakaa mfukoni mwake mpaka picha iishe. Akili za meneja hizo! Moto ukiwaka tena, Were achomeke kama hindi.

Jumamosi hiyo alikuwa na msiba. Mdogo wake Nashon, ambaye Were mwenyewe alimtoa Bungoma akamtafutia kibarua cha ujenzi, alikuwa ameanguka kutoka orofa ya nne akafa. Kwao, aliyekutoa nyumbani ndiye anayekurudisha, uwe mzima, uwe maiti. Lori la kukodi lingeondoka mtaa wa Kangemi na jeneza kwenda Bungoma saa kumi kamili. Kivuva alimwahidi kumwachilia saa nane, lakini Nzuki wa zamu ya mchana hakutokea.

"Bosi, fungua! Lori itaniacha!"

"Na hawa watu wamelipa, niwaimbie mimi?" Kivuva akajibu nyuma ya mlango. "Maliza picha kwanza."

Ilikuwa picha ya jasusi. Tajiri mmoja katili ametega mabomu chini ya miji mikubwa yote ya dunia, na jasusi anamwinda nchi hadi nchi. Rili saba. Were aliitazama saa, akaruka ya tano na ya sita. Saa tisa na dakika ishirini tajiri akapigwa risasi, dunia ikaokoka, Were akavaa koti.

Lakini vijana wa Nairobi hawadanganywi kwa sinema. Picha ile walikuwa wameiona mara nne, mara tano, wanajua kila ngumi.

"Helikopta iko wapi? Wezi nyinyi!" Viti vikaanza kugongwa.

Kivuva alipanda ngazi mbio, lakini mlango hakuufungua. "Were! Weka hizo rili mbili, ama utalala humo!"

Akazipandisha. Yule tajiri aliyekufa mbele ya watu mia tatu akatokea tena mzima, anakunywa kahawa. Ukumbi ukashangilia. Saa kumi ikafika, ikapita. Were akaegemeza kichwa ukutani, akalia kwa sauti akimwomba Nashon msamaha, na hakuna aliyemsikia, maana helikopta ilikuwa imefika.