Chumvi ya ng'ombe iliruka kisima cha karibu, ikaingia cha mama

Salamu wakuu. Haya nimeyaonja kwa ulimi wangu, nawapa bila kuongeza chumvi, ingawa chumvi imo.

Kwetu ni nje ya Bangale, wafugaji. Tuna visima viwili vilivyochimbwa kwenye mwamba. Kimoja kiko karibu na boma. Kingine kiko mbali, bondeni, mama alikichimba na marehemu baba. Cha karibu pekee hakitoshi mifugo.

Amu Guyo, ndugu wa baba, huwamwagia ng'ombe chumvi kwenye shimo la mwamba, hapo bomani, walambe. Safari hii alimwaga magunia, mvua kubwa ikawatangulia ng'ombe. Chumvi ikayeyuka, ikapotelea kwenye ufa.

Tukajua kisima cha karibu kimekwisha. Wapi! Kilibaki kitamu.

Cha mama ndicho kikageuka chumvi. Ndama wakagoma kunywa, watu wakamwambia ahame, atafute maji kwingine. Iliniuma sana.

Nikashuka kisimani. Maji yanaingia kwa ufa mmoja tu, unaotokea upande wa boma. Nyufa za kile cha karibu zinatoka upande mwingine. Kumbe maji huko chini hayaangalii umbali, yanafuata njia.

Tukateka na kumwaga mpaka yakawa matamu. Shangwe!

Siku chache, chumvi tena. Amu akaapa shimo lake ni safi, na kweli lilikuwa safi.

Hapo sikupata usingizi. Nikavunja jiwe pembeni mwa ule ufa, nikaliosha, nikalilaza kwenye glasi ya maji matamu. Asubuhi nikaonja: chumvi! Nikalamba na jiwe lenyewe.

Dada yangu Hawa akanikuta. "We Abdi, ng'ombe wameisha, sasa walamba ni wewe?"

Cheka tu. Jiwe lile lina vitundu visivyoonekana. Chumvi ilipopita kwa wingi ilijipenyeza humo. Maji safi yalipofuata, ikaanza kutoka polepole.

Nikamweleza mama.

"Kwa hivyo jiwe limekunywa?"

"Limekunywa, mama."

"Basi litachoka kutapika kabla mimi sijachoka kuteka. Sihami."

Tukateka msimu mzima, tukimwaga mbali na mwamba. Kila chumvi ikirudi, inarudi hafifu zaidi.

Juzi ndama mmoja aliinamisha kichwa, akanywa, akarudia. Mama akageuka kufuta macho. Na mimi nililia, sioni haya.

Nilichojifunza: usiseme kisima kiko mbali ukamwaga kitu kwenye ufa. Na ukishamwaga, kuacha leo si kupona leo. Chumvi yetu sasa iko kwenye hori la mbao.

Nani kisima chao kimewahi kubadilika ladha? Mlifanyaje? Tiririkeni hapo chini. Wa kuniita mlamba mawe, foleni inaanzia kwa Hawa.